Walii Yuko Kupro

Kiponda, Unguja
10 Februari 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikitaraji kuwa u mzima, na kwamba baridi ya huko imeanza kupungua. Sisi hatujambo. Bibi bado anaumwa na magoti. Ngazi anazipanda mara moja kwa siku, na akishafika juu hashuki tena, shughuli zake zote anazimalizia dirishani. Jana alibishana na muuza samaki mpaka watu wakajaa uchochoroni, kisha akateremsha kikapu kwa kamba na kuvuta changu wawili. Mwezi ukionekana, kesho tutafunga.

Barua yako ya Novemba ilifika salama katika sanduku la posta la Bwana Anwarali, na binti yake Alia aliniletea skuli. Nilimsomea Bibi habari za kaburi la Bibi Umm Haram, jamaa wa Mtume, aliyeanguka kutoka juu ya nyumbu akafia huko Kupro zama za kale. Nilipofika pale wanaposimulia kwamba jiwe la juu ya kaburi lilikuja lenyewe, likavuka bahari na kubaki likielea hewani, Bibi alilia. Akasema, "Mwanangu kafika pahala pa heri, wala hakunambia kama kaniombea." Je, Baba, uliingia ndani? Jiwe ulilionaje? Mwalimu wetu wa jografia alinionesha Kupro kwenye atlasi. Upande mmoja imechongoka kama kidole kinachoelekeza njia. Nimeichora na kuibandika juu ya kitanda changu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bibi hataki niliandike, anaona si adabu msichana kuandika habari za posa yake mwenyewe. Ami Zahor, ndugu yako, atakuandikia. Lakini na mimi nakuandikia ili ulijue kwa pande zote mbili.

Nimeposwa na Masoud, mtoto wa Bwana Shamsi wa Mpendae. Anafanya kazi Maskati na anataka mke wa kuondoka naye. Sina neno baya la kusema juu yake. Nilimwona mara moja, akanisalimia vizuri na kupita. Lakini nimo kidato cha tatu, Baba, na mwalimu anasema nikiendelea hivi nitafika chuo cha ualimu. Nataka kufika.

Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba msichana haozwi bila ya walii wake, na walii wa mwanzo ni baba. Kwa hiyo neno ni lako. Naomba uandike kwamba bado. Mstari mmoja utatosha.

Bibi anakusalimu.

Mwanao mtiifu,
Jokha


Melini, Larnaka, Kupro
2 Aprili 1994

Mwanangu Jokha,

Marahaba, na baraka zote za sikukuu iliyopita. Barua yako ilichelewa kunifikia. Mimi ni mzima. Mwambie Bibi kwamba namwombea kila siku, pahala pa heri na pasipokuwa pa heri.

Umenitaka nikueleze zaidi habari za pwani hii. Nyuma ya mji kuna ziwa la chumvi, kubwa kuliko uwanja wowote ulioupata kuuona. Kiangazi hukauka likawa jeupe tupu, na jua likipanda linang'aa kama bati jipya. Masika ya huku maji hurudi, na pamoja nayo hurudi ndege warefu wa rangi ya waridi, heroe, maelfu kwa maelfu. Wakiruka pamoja utadhani mtu kakung'uta shuka.

Watu wa hapa wana hadithi yake. Nilisimuliwa na Mzee Pambos, Mgiriki anayetuletea mkate na maji kwa mashua yake. Anasema zamani pale hapakuwa na ziwa, palikuwa na shamba la mizabibu la bibi kizee mmoja. Siku moja ya joto akapita mtu mwema wa Mungu, midomo imemkauka. Akamwomba kishada kimoja cha zabibu. Bibi kizee, na kikapu kimejaa mbele yake, akasema, "Zabibu zipi? Hii si chumvi tu?" Yule mtu akasema, "Basi na iwe chumvi." Akenda zake. Asubuhi shamba zima lilikuwa chumvi, mpaka leo.

Mzee Pambos akifika mwisho hucheka, kisha hunipa mkate wa ziada, asije naye akageuziwa mashua kuwa chumvi.

Soma kwa bidii. Kila unachokijua ni chako. Msalimie Ami Zahor na Bwana Anwarali.

Baba yako,
Azzan


Kiponda, Unguja
24 Aprili 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua za mwaka huu ni kubwa, na ukuta wa jikoni umevimba.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma, nikaigeuza na bahasha. Sikuona neno juu ya Masoud. Nikafikiri labda barua ya Ami haikufika, na yangu ililowa maji pale nilipoandika habari hiyo. Kwa hiyo naandika tena, kwa herufi kubwa zaidi: NIMEPOSWA, NA SITAKI KUACHA SKULI.

Ami Zahor alikuja Ijumaa baada ya sala, akauliza kabla hajavua viatu.

"Kajibu?"

"Kajibu, Ami. Habari za chumvi."

"Chumvi ipi tena?"

"Ya ziwani."

Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Azzan tangu mdogo ndo vivyo. Ukimtuma mkate anakuletea hadithi, na mkate kausahau dukani."

Ami hakucheka. Alisema, "Angekuwa hataki, angesema hataki. Mwanamume akinyamazia posa ya mwanawe, karidhia. Mie nshamwandikia mara mbili."

Nilitaka kusema kwamba wewe hukuridhia, lakini sikuwa na ushahidi. Baba, ukinyamaza wenzako wanakujibia.

Mwanao,
Jokha


Melini, Larnaka, Kupro
19 Juni 1994

Mwanangu Jokha,

Marahaba. Natumai mvua zimepungua na ukuta umekauka. Mwambie Ami Zahor apake chokaa, asipake saruji. Ukuta wa mawe ya bahari ukipakwa saruji hauvuti pumzi.

Huku joto limeingia. Chuma cha meli mchana hakishikiki, tunatandika chini ya turubai. Mpishi wetu ni Msuria, tunamwita Abu Nizar. Yeye na Mzee Pambos wanabishana kila siku nani kati yao ana nchi ya kale zaidi, na mimi ndiye kadhi wao.

Juzi Mzee Pambos alinisimulia juu ya jiwe lililoko pwani ya magharibi, limesimama ndani ya bahari karibu na ufuko. Mimi nililiona zamani tulipopita. Ni kubwa kuliko jumba, na povu linalizunguka kama kofia ya kiua. Wengine husema pale alizaliwa mwanamke kutoka ndani ya povu. Lakini Mzee Pambos anayo nyingine. Anasema palikuwa na malkia aliyekaa kwenye ngome isiyokuwa na maji, na jitu moja lenye nguvu likampenda. Malkia akaliambia, "Nitakubali ukinifikishia maji ya mlimani mpaka mlangoni pangu." Alijua haliwezi. Jitu likachonga mfereji, mlima kwa mlima, miaka na miaka. Siku maji yalipofika mlangoni, malkia akasema, "Sikutaki." Jitu kwa hasira likang'oa jiwe na kulivurumisha, malkia akajibu kwa kutupa kijiti chake cha kusokotea nyuzi. Jiwe likaangukia baharini, na kijiti kikachomeka ardhini kikawa nguzo. Mzee Pambos anaapa kwamba vyote viwili vipo, na anayebisha akaangalie.

Mambo ya nyumbani wanayajua walio nyumbani, mwanangu. Ami yako hawezi kukutakia ubaya. Mimi niko mbali.

Mpe Bibi mkono.

Baba yako,
Azzan


Kiponda, Unguja
10 Julai 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Chokaa imepakwa. Bibi amefurahi kwamba unakumbuka kuta za nyumba yake.

Hadithi ya malkia nimeifikiri sana. Nilimsimulia Alia, naye akasema jitu lilionewa. Miaka yote ile ya kuchonga milima! Mimi nikasema malkia kosa lake si kukataa, kosa lake ni kusubiri mpaka maji yakafika. Angesema mwanzo. Lakini baadaye nikajiuliza kama alikuwa na mtu wa kumwambia. Kwenye hadithi yako hana baba.

Sasa nakuuliza jambo, na naomba usinione nimekosa heshima. Nimezipanga barua zako zote kitandani na kuzisoma moja baada ya moja. Ziwa unaniambia linavyong'aa, lakini huniambii chumvi ile ukiikanyaga inakuwaje. Kaburi la Bibi Umm Haram unanieleza mnara wake na mitende, lakini swali langu juu ya jiwe hukulijibu. Mji unaniambia taa zake. Hujataja hata mara moja harufu ya soko, wala mtu uliyempita njiani. Kila kitu unakiona kwa mbali, Baba, na kila mara kutoka upande ule ule. Watu wako ni wawili tu, mpishi na mwenye mashua. Mwalimu wa jografia ametufundisha kwamba anayechora ramani hueleza kwanza amesimama wapi. Wewe umesimama wapi?

Harusi imepangwa baada ya Maulidi. Bi Mwatum ndiye somo yangu, amekwishaanza kuja kunifunza mambo ya unyumba. Jana alinifunza namna ya kukaa siku ya kuozwa. "Mashahidi wakija kukuuliza, wewe inama. Usijibu. Mwari akinyamaza ndo kakubali, sie tutapiga vigelegele."

"Na asiyekubali, Bi Mwatum?"

"Hajapata kutokea," alisema, akaendelea kunipima mkono kwa bangili.

Mimi na Bibi tunalala chumba kimoja, na nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba sitaki. Anajigeuza ukutani. Usiku mmoja alinijibu, "Mama yako keshatangulia. Mie nikifa, utabaki na nani? Niambie." Sikuweza kumwambia kwamba nitabaki na wewe.

Mwanao,
Jokha


Melini, Larnaka, Kupro
21 Agosti 1994

Mwanangu Jokha,

Marahaba. Leo sina hadithi.

Nimesimama kwenye meli iliyotiwa nanga nje ya bandari ya Larnaka, na huu ni mwaka wa pili haijasogea. Wenye meli wametoweka na mishahara yetu. Mahakama imeizuia, wenzetu wengi wamerudishwa makwao, tumebaki mimi na Abu Nizar. Kwenye nchi kavu hatuna ruhusa, sikuteremka ila kuonana na daktari, na hapo nilipelekwa kwa gari na kurudishwa kwa gari. Kisiwa hiki nimekiona kama mtu anavyoiona picha ukutani. Sikuingia kaburini. Naliona kuba na mnara, asubuhi, hewa ikiwa safi. Dua za Bibi yako nimeziomba nikiwa sitahani, nikielekea kule.

Mambo yote ya kale niliyokuandikia ni ya Mzee Pambos. Akifika na mkate mimi humwambia, "Nipe na kitu cha mwanangu," naye hunipa.

Mkuu wa bandari amekwishaniambia kwamba nikitaka kwenda kwetu, wapo watu wa kunisaidia safari. Ni kutia saini tu. Sikutia. Niliondoka Unguja nikiwaambia watu wa baraza nzima kwamba nitarudi nijenge Bububu. Nirudi na nini? Nilipoisoma posa yako nilifikiri mume aliye nchi kavu atakufaa kuliko baba aliye juu ya chuma chenye kutu. Nikanyamaza. Nilidhani nimekuachia nafasi ya kuishi vizuri. Kumbe nilikuwa nimekuachia kazi yangu.

Haya yafuatayo msomee Ami Zahor kwa sauti, na Bibi awepo: Mimi, Azzan, baba yake Jokha, niko hai. Sikumpa mtu yeyote idhini ya kumwozesha binti yangu, na sitampa mpaka yeye mwenyewe anitake niitoe.

Naomba barua hii iwahi.

Baba yako,
Azzan


Kiponda, Unguja
25 Septemba 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako haikuwahi. Ilifika jana, na harusi ilikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi huu. Nataka nikueleze kwa utaratibu, usiruke mistari.

Nilikuwa nimekalishwa chumba cha ndani, nimefunikwa shuka ya kijani, mikono imekauka hina. Chumba kilijaa mpaka watoto walikalia magunia ya mchele. Chini wanaume walikuwa wamekwishakaa na shekhe. Bi Mwatum alikuwa ubavuni pangu, ameukamata mkono wangu.

Wakaja mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia. Mmoja alikuwa Mzee Nahodha wa Malindi, unamjua. Akasema, "Jokha binti Azzan, unaridhia ami yako Zahor akuozeshe kwa Masoud bin Shamsi?"

Nilinyamaza, Baba. Sikunyamaza kwa kukubali, sauti haikuja. Nikawasikia wanawake wanavuta pumzi ya kupigia vigelegele. Mzee Nahodha akasema, "Ngojeni, naye ni mtu mzima. Mara tatu." Akauliza mara ya pili. Bi Mwatum akaninong'oneza, "Vivyo hivyo, mwanangu, inama." Nikaona kwamba nikingoja barua nitakwenda Maskati nikiwa nangoja.

Alipouliza mara ya tatu nikasema, "Siridhii."

"Kasemaje?" mtu akauliza kule nyuma.

"Kasema karidhia."

"Hata! Kasema siridhii, mie nimesikia kwa masikio yangu."

Bi Mwatum akanifinya, bado nina alama. Nikasema tena, na safari hii nilipiga kelele, ingawa sikukusudia: "Siridhii. Na baba yangu yuko hai, hajajibu." Mama mmoja akasema, "Ala! Na biriani lishaiva!" Wengine wakacheka, wengine wakaanza kulia, na Mzee Nahodha akasema nje ya pazia, kwa upole, "Nimesikia, mwanangu. Basi." Nikamsikia anateremka ngazi polepole.

Masoud hakufanya ugomvi. Alimwambia shekhe, "Mimi sitaki mtu wa kulazimishwa," akamchukua mama yake wakaenda. Biriani lililiwa na majirani mpaka Jumapili. Ami Zahor hakuja tena hapa. Wanawake wa mtaani wananiita Siridhii; nikipita na mabuku yangu wananiamkia, "Siridhii, hujambo?" Naitika sijambo, najikaza, nikifika skuli nakwenda kunawa uso.

Bibi hakusema nami tangu siku ile. Chakula ananiwekea, anafunika, anaondoka. Tulilala chumba kimoja kama watu wawili waliopanga. Sikujua kwamba nyumba ya watu wawili inaweza kuwa kimya namna hiyo. Nilikuwa nikisoma masomo yangu kwa sauti ili pawe na mtu anayezungumza.

Jana nilipopata barua yako nilisimama mlangoni, nikasema, "Bibi, imekuja ya Baba." Hakugeuka. Nikaanza kusoma hivyo hivyo. Nilipofika pale uliposema hukuteremka ila kuonana na daktari, akageuka. Nilipofika kwenye Bububu, akavua miwani. Nilimaliza na maneno yako ya walii, ambayo hayana kazi tena lakini niliyasoma yote, kwa sauti uliyoniagiza.

Akakaa. Kisha akasema nami. Alisema, "Nani alimtaka nyumba Bububu? Nyumba si hii?" Akaniuliza daktari alikuwa wa nini. Nikamwambia hukuandika. Akasema, "Mwandikie. Mwambie mama yake anauliza. Mwambie hapa pana kitanda chake na mie nshachoka kukipangusa vumbi. Mwambie aje na nguo alizovaa." Halafu akanitazama, akasema, "Wewe uliwezaje kusema mbele ya watu wote wale?" Nikamwambia sijui. Akasema nimtie mafuta magotini, nikamtia.

Baba, watu wa baraza watasema. Watakupa jina jipya hata wewe. Utakuwa na siku za kutotaka kutoka nje. Mimi nimezianza mwenyewe, na ningezipita vizuri zaidi kama tungekuwa wawili.

Kwa hiyo nakuuliza kama nilivyoulizwa, na hapa shahidi ni Bibi. Unaridhia kutia saini na kurudi nyumbani mikono mitupu? Baba, unaridhia? Baba, unaridhia?

Ukinyamaza sitakujibia. Nitauliza tena.

Mwanao,
Jokha binti Azzan